Nataka saa janja ngumu ya zaidi ya milioni mbili: nizuieni au nisukumeni

Mpimaji wa Saiti (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina milioni mbili na laki mbili nimeziweka pembeni kwa ajili ya saa. Ndiyo, saa ya mkononi. Mama watoto anajua, hicho kikwazo nimeshakivuka, kwa hiyo msinitishe kwa upande huo.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi hapa Dar. Kuanzia saa moja asubuhi niko juani, mikono iko kwenye nondo, mbao na zege. Saa mbili zimeshanifia. Ya kwanza kioo kilipasuka niliposhika jeki ya fomu, zile mbao za kumwagia zege. Ya pili ilikuwa bendi ya bei nafuu, kioo kililiwa na mchanga taratibu mpaka ikawa kusoma saa lazima niinamishe mkono kama natafuta mtandao.

Nakimbia mara nne kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri. Nataka nusu marathoni ya Moshi, na mwakani Mungu akipenda nipande Kilimanjaro na wenzangu wa kazini. Pia nataka ipime usingizi, inionyeshe ujumbe wa WhatsApp nikiwa juu ya jukwaa, na nikienda nayo harusini isionekane kama mita ya umeme.

Nilizoziangalia: Apple Watch Ultra 2, Samsung Galaxy Watch Ultra na Garmin Fenix. Moyo uko kwenye ya Apple tangu nimwone mkandarasi mmoja ameivaa na ule mkanda wa rangi ya chungwa. Karibuni.

Kahawa Chungu

Ngoja waje wenye hela. Nimekaa pale.

Fundi wa Vioo

Mkuu, kabla ya yote: unatumia simu gani?

Mpimaji wa Saiti

Samsung Galaxy A54. Inahusiana nini mkuu?

Fundi wa Vioo

Inahusiana na kila kitu. Apple Watch, iwe Ultra au ya kawaida, inahitaji iPhone. Huwezi hata kuanza kuitumia bila iPhone. Ukinunua Ultra 2 na A54 yako, umenunua bangili ya titani. Kuna mtu huja dukani kwangu karibu kila mwezi na hilo tatizo, wengine wameletewa zawadi na ndugu kutoka nje.

Upande wa pili vilevile: Galaxy Watch Ultra inataka Android, mwenye iPhone asiiguse. Na hata kwenye Android, kipimo cha ECG (umeme wa moyo) kinafanya kazi ukiwa na simu ya Samsung tu. Wewe hapo uko salama. Saa za Garmin na za Amazfit hazina ubaguzi, zinakubali simu zote mbili.

Mpimaji wa Saiti

Duh. Nilidhani ni Bluetooth tu, unaunganisha unaondoka.

Kahawa Chungu

Uzi umeisha ukurasa wa kwanza 😂

Fundi wa Vioo

Haujaisha, ndiyo kwanza unaanza. Niongezee na hili kwa wengine wanaosoma kimya kimya. "Ultra" za elfu themanini zinazouzwa mitaani kwenye boksi jeupe zimejaa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha haraka: umbo lilelile, kitufe kilekile cha chungwa. Kipimo ni kimoja. Chukua iPhone, fungua programu ya Watch ya Apple yenyewe, jaribu kuiunganisha. Ya bandia itakuomba upakue programu nyingine yenye jina la ajabu. Ikishakuomba hivyo, mrudishie mwenyewe. Na kwa iliyotumika, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake mbele yako. Ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu, hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi.

Kuhusu kioo, maana hapo ndipo riziki yangu ilipo. Mchanga wa mto unaochanganyia zege umejaa punje za kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kwatsi iko namba 7. Kioo cha kawaida, hata hicho kinachosifiwa cha simu, kinakaa hapohapo au chini kidogo, ndiyo maana mchanga unakichora. Kioo cha safaya kiko namba 9. Mchanga hauna ubavu nacho. Ubaya wake ni mmoja: hakichoreki lakini kinavunjika, kikigongwa na kona ya chuma kinaweza kupasuka. Kwa hiyo ukichagua, tazama kama fremu imeinuka juu ya kioo. Ya Apple na ya Samsung zote zina safaya. Garmin lazima usome jina, Fenix yenye safaya imeandikwa Sapphire, isiyoandikwa haina.

Na titani msiabudu. Ni nyepesi na haishiki kutu, ila inachorwa kirahisi kuliko watu wanavyofikiri. Baada ya mwezi saiti itakuwa na mikwaruzo, izoee.

Mama wa Kilomita

Kaka Mpimaji, mimi nakimbia mwaka wa tisa sasa, nimevaa saa za kampuni tatu tofauti. Nakuambia jambo moja ambalo maduka hayakuambii: amua kwanza utaichaji lini.

Hebu hesabu siku yako. Unaamka saa kumi alfajiri, unakimbia. Unaenda saiti. Unarudi usiku, unataka ipime usingizi, kwa hiyo huivui. Saa gani itakaa kwenye chaji? Ultra 2 kampuni yenyewe inasema saa 36 kwa matumizi ya kawaida. Galaxy Watch Ultra wanasema 60, na 100 ukibana matumizi. Fenix 7 wanasema siku 18. Siku, si saa. Ukiwa na GPS imewashwa muda wote ni saa 57. Hizo ni namba za kwenye boksi, mazoezi yanapunguza, lakini hata ukikata nusu bado ni ulimwengu mwingine.

Nilikuwa na ile ya kuchaji kila siku. Wiki ya kwanza unaichaji ukioga. Wiki ya tatu unasahau. Mwezi wa pili unatoka alfajiri na asilimia 9, inazimika kilomita ya sita, unarudi nyumbani umekimbia bure kabisa (ndiyo, kama haikurekodiwa haikutokea, msinicheke). Na hapo bado hatujaongelea umeme kukatika usiku.

Nikupe na nyingine. Mapigo ya moyo ya mkononi usiyaamini kwenye mbio za kasi. Saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyoimeza hiyo rangi. Ukikimbia taratibu inasoma vizuri. Ukianza vipande vya mita 400 inachelewa, au inashika mdundo wa miguu badala ya moyo, unaona 178 wakati unaongea na jirani bila shida. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo milioni mbili. Mimi ningekwambia ununue saa ya nusu bei na mkanda wa kifuani.

Boss wa Ngong

Salamu kutoka Nairobi. Nakubaliana na huyo mama asilimia mia. Mimi niko na Garmin Instinct 2, ile ya plastiki ngumu, skrini nyeusi na nyeupe kama kikokotoo cha shule. Wanasema siku 28, mimi napata kama wiki tatu nikikimbia msitu wa Karura na kupanda vilima vya Ngong wikendi. Ilianza kuuzwa 2022 kwa dola 349. Marafiki wananicheka. Lakini wakifika kilele cha tano wanauliza nani ako na chaja.

Ubaya: haina ramani, na ukienda harusini kweli utaonekana askari wa wanyamapori.

Mpimaji wa Saiti

Mama wa Kilomita umenigusa. Hiyo hesabu ya chaji sikuwahi kuifanya. Ila Fenix si bei ileile au zaidi? Fenix 8 nimeona dola 999 kuanzia.

Mama wa Kilomita

Hiyo ni ya 2024, ina skrini ya AMOLED (ile ya rangi kali kama ya simu), spika na maikrofoni. Wewe hitaji lako halikufikishi huko. Tafuta Fenix 7 ya 2022 iliyotumika kwa mtu anayehamia mpya. Wakimbiaji wanabadilisha saa kama viatu. Ukiipata, hakikisha ni Sapphire Solar. Kwanza ina kioo anachokisema Fundi. Pili, kwenye Fenix 7 za kwanza ndiyo iliyopewa GPS ya masafa mawili. Hiyo inasaidia katikati ya majengo marefu, pale mawimbi yanapogonga ukuta na kurudi, na saa inadhani umevuka barabara mara kumi.

Mzamiaji wa Kaskazini

Assalaam alaykum. Niko Nungwi, kazi yangu bahari. Nimeona hakuna aliyegusa maji, na wewe ndugu yangu uko Dar, utaogelea tu siku moja.

Hizo ATM 10 zilizoandikwa nyuma ya saa maana yake imestahimili mgandamizo sawa na wa mita 100 maji yakiwa yametulia. Si ruhusa ya kwenda mita 100. Ultra ya Apple wameipa kibali cha kuzamia burudani hadi mita 40, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa kuogelea na kuchezea mawimbi, zote mlizozitaja zinatosha na kubakia.

Adui ni chumvi. Ukitoka baharini, au ukitoka jasho la saiti ambalo nalo ni chumvi, isuuze kwa maji baridi ya bomba, si ya moto, na sabuni usitie. Kuna tundu dogo sana pembeni, ndiyo njia ya hewa ya kipima mwinuko. Likiziba kwa chumvi au vumbi la saruji, saa itakwambia uko mita 300 juu ya bahari nawe umekaa barazani. Usilichokoe kwa sindano. Loweka, tikisa, iache ikauke.

Mpagazi Mstaafu

Mimi nimeongoza wageni mlimani miaka mingi, saa za kila aina nimeziona zikifa. Njia ya Machame ni siku sita au saba. Mtu mwenye saa ya kuchaji kila siku anabeba pawabenki, na pawabenki yenyewe inalala nayo ndani ya begi la kulalia kama mtoto, maana baridi inanyonya betri. Usiku wa kilele tunatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu saa sita usiku. Huko juu simu ya asilimia 60 inazimika ghafla mfukoni.

Saa ina nafuu, ngozi inaipasha joto, mradi iwe chini ya koti. Watu wanaivaa juu ya mkono wa koti ili waione, halafu wanalalamika mapigo hayasomeki na betri imekwisha Stella Point, kabla ya kilele.

Kipimo cha mwinuko usikiache kijiongoze siku zote sita. Kinasoma mgandamizo wa hewa, na hali ya hewa ikibadilika usiku, asubuhi saa inasema umepanda mita 40 ukiwa usingizini. Kila kambi ina kibao kimeandikwa mwinuko. Fika, soma kibao, rekebisha saa. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, ukiona tofauti kubwa usigombane na mlima.

Ile oksijeni ya damu ya saa mimi siitegemei. Vidole vya baridi, mkono unatetemeka, inaleta namba za kuchekesha. Mgeni akianza kuyumba kama mlevi na kuongea ovyo, tunamshusha, hata saa iseme asilimia 95.

Sista Zamu ya Usiku

Asante mzee Mpagazi, umesema la msingi kuliko wote. Mimi ni muuguzi. Namba za saa zitumie kujilinganisha wewe na wewe. Mapigo yako ya kupumzika yakiwa 56 wiki zote halafu asubuhi tatu mfululizo yakawa 66, mwili una jambo: usingizi mdogo, homa inakuja, au umejichosha. Hapo saa imekusaidia. Lakini usichukue kalori zake ukazifanya kibali cha chipsi kuku.

Mbeba Boksi

Niko Minnesota. Kidogo nje ya mada, ila kwa wenye iPhone wanaotuma ndugu wawaletee. Apple Watch zilizouzwa Marekani kuanzia Januari 2024 zilizimwa kipimo cha oksijeni kwa sababu ya kesi ya hataza na kampuni ya Masimo. Namba ya bidhaa inaishia na LW/A. Agosti 2025 wakakirudisha kwa njia nyingine, hesabu inafanyika kwenye simu badala ya kwenye saa. Zilizonunuliwa Dubai au Uingereza hazikuguswa. Msije mkagombana na binamu kwamba amewaletea mbovu.

Mpimaji wa Saiti

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Sikununua kwanza, nilifanya kama tunavyofanya na udongo: nilipima kabla ya kumwaga jamvi la zege.

Mkwe wangu ana Galaxy Watch Ultra, akanipa siku nne. Mwenzangu wa kikundi cha mbio ana Fenix 7 Sapphire Solar anayotaka kuiuza, akanipa siku tano.

Alfajiri ya kwanza nilivaa zote mbili, moja kila mkono. Walinzi wa daraja la Tanzanite wakanitazama sana. Uwazi mtupu pale, hakuna jengo wala mti, na saa zote zikakubaliana, tofauti mita chache tu. Nikaenda uwanja wa shule wenye njia ya mita 400, nikazunguka mara 25 kwenye njia ya kwanza. Samsung ikasema kilomita 10.11, Garmin 10.08. Sina ugomvi na hizo mita, na mimi mwenyewe nilikuwa nakwepa watoto.

Skrini ya Samsung ni raha, kusema kweli. Jua la saa saba juu ya paa la bati naisoma bila kukinga mkono. Nilijibu WhatsApp kwa sauti nikiwa nimening'inia kwenye jukwaa. Ile ya Garmin rangi zake zimefifia ndani ya nyumba, ila juani zinapendeza zaidi, jambo la ajabu. Kwenye Android inakuruhusu kujibu kwa maneno mafupi uliyoyaandaa: "Nipo saiti", "Nakuja". Mke wangu ameshajua "Nakuja" ile ni ya saa, si yangu.

Sasa kichekesho. Siku ya kumwaga zege kijana wa vibreta, mashine ya kutetemesha zege, aliumwa, nikashika mwenyewe kwa karibu saa moja na nusu. Jioni naangalia: hatua elfu ishirini na kitu. Nimesimama palepale! Ule mtetemo wote saa imeuhesabu kuwa ni mwendo. Ikanipa na pongezi.

Chaji: Samsung nililazimika kuichaji siku ya pili usiku, na usiku huo usingizi haukupimwa. Garmin nilipokea ikiwa asilimia 81, nikairudisha siku ya tano ikiwa 52, na nimekimbia mara tatu.

Mama wa Kilomita

Jibu unalo tayari kaka.

Fundi wa Vioo

Kabla hujatoa hela, iache usiku mmoja bila kuivaa, andika asilimia jioni na asubuhi. Ikishuka zaidi ya mbili tatu, betri imechoka. Halafu iangalie nyuma kwenye zile pini za chaji, zikiwa na ukijani ni chumvi imeshaanza kula.

Mpimaji wa Saiti

Nimefanya. Imeshuka asilimia moja. Pini safi. Nimeichukua kwa milioni moja na laki mbili, na kwa chenji nimenunua mkanda wa kifuani na viatu. Laki nne zimerudi nyumbani bila kuulizwa, hiyo ndiyo amani niliyoinunua.

Harusi ya Jumamosi nilivaa na mkanda mweusi wa nailoni. Shangazi mmoja aliniuliza kama nimejiunga na jeshi.

Boss wa Ngong

😂😂 Karibu kikosini.

Mpimaji wa Saiti

Wiki ya sita, nina shida ndogo. Chini ya saa ngozi imeota vipele, inawasha hasa usiku. Ni aleji ya titani au?

Sista Zamu ya Usiku

Mara nyingi si chuma, ni unyevu uliofungiwa. Jasho, sabuni na hilo vumbi la saruji vinakaa chini ya mkanda siku nzima, na saruji ikilowa inachoma ngozi. Ukitoka saiti ivue, osha mkono na saa, kausha vyote viwili. Legeza mkanda kidogo usipokuwa mazoezini, kidole kipite. Ihamishie mkono wa pili mpaka vipele vipone. Vikitoa maji au vikisambaa, njoo hospitali, usituulize hapa.

Mpimaji wa Saiti

Asante dada. Nimeihamishia mkono wa kulia tangu jana.

Tatizo vibreta nashikia kulia. Leo nimeamka na ujumbe kwamba nimevunja rekodi yangu ya hatua.